Mama Mwalimu Anajibu: Alama zinafanana, shida hazifanani

Buletini, zile karatasi za alama za shule, zimerudi nyumbani, na barua zenu zimejaa neno moja: hesabu. Nimechagua nne. Ya kwanza itakula nafasi kubwa, nanyi wengine mtanivumilia, kwa sababu mama aliyeiandika ana watoto wawili ambao shule imewapa karibu alama zilezile na maneno yaleyale, kumbe kila mmoja ana shida yake.

Jambo sana Mama Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watano, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi, mume wangu ni seremala. Ninaandika kwa ajili ya wawili. Dada ana miaka kumi, yuko mwaka wa nne wa primeri. Kifaransa alipata 68 kwa mia, dini 80, hesabu 27. Kaka, mdogo wake, ana miaka minane, yuko mwaka wa pili, hesabu amepata 29. Mwalimu wa dada ameandika "hafuati". Mwalimu wa kaka naye ameandika "hafuati". Lakini dada anafuata! Ninamwona jioni na daftari lake mpaka machozi yanadondoka juu ya karatasi. Nikimtuma mkate na noti ya faranga elfu tano, anarudi na chenji yoyote aliyopewa, hajui kama ni sawa au ameibiwa. Kaka yeye hatulii. Ukimtuma chumvi anarudi na mpira, chumvi ameisahau. Lakini siku nyingine ananishangaza, anapiga hesabu ya mbao haraka kuliko baba yake. Baba yao anasema huo ni uvivu, fimbo itatosha. Mama mmoja wa kikundi cha maombi ameniambia dada "ana kitu", tumpeleke akafungiwe siku tatu bila kula. Sijampeleka. Mama Mwalimu, mtoto anayesoma vizuri namna hii, hesabu inamshinda kwa nini?
*Mama wa Katuba*

Mama, aksanti kwa kutompeleka. Ninataka kuanza na hilo kabla ya hesabu. Mtu akikuambia tena kwamba binti yako ana kitu, mjibu kwamba Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ina adhabu kwa anayefanya hivyo. Mtoto kunyimwa chakula siku tatu kwa sababu hajui saba na tano ni ngapi, mimi siwezi kuyaita hayo maombi. Tena kichwa chenye njaa hakihesabu.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba dada hajui chenji siku zote, na kaka siku moja hajui, siku nyingine anamshinda baba yake. Hapo umeona jambo ambalo buletini haiwezi kulionyesha. Buletini inasema mtoto amekosa mara ngapi. Haisemi anakosa namna gani. Na mimi, Mama, nilifundisha primeri katika mji huu miaka 29, na nusu yake nzima nilikuwa ninaangalia idadi ya makosa tu.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, miaka ya tisini. Baba yake alikuwa fundi wa redio, na kijana mwenyewe, hata miaka kumi na mbili hana, alikuwa anafungua redio iliyokufa na kuifunga ikiimba. Kifaransa alikuwa wa pili darasani. Asubuhi moja niliandika ubaoni 8 na 6, nikamuuliza ipi kubwa. Nikaona mikono yake inashuka chini ya benchi. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kuanzia moja. Niliona ananichezea mbele ya wenzake. Nilimpigisha magoti mpaka mapumziko. Kesho yake nilimuuliza tena, mikono ikashuka tena. Mwaka uliofuata aliacha shule. Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya kitu kinachoitwa diskalkulia, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza niliona ile mikono inashuka chini ya benchi. Ndiyo maana barua yako nilikaa nayo siku tatu.

Diskalkulia ni neno lililoshonwa kwa vipande viwili: *dis* ya Kigiriki, maana yake vibaya au kwa shida, na neno la Kilatini la kuhesabu, ambalo lenyewe limetoka kwenye *calculus*, kijiwe. Watu wa kale walihesabu kwa vijiwe, kama wazee wetu wanavyocheza kisolo. Mwanasaikolojia wa Bratislava, Ladislav Košč, ndiye aliyeieleza vizuri kwa watoto mwaka 1974. Alisema kuna watoto wenye akili timamu kabisa, wanaoelewa mengine yote, lakini sehemu ya ubongo inayobeba hesabu haikukomaa kama kawaida tangu kuzaliwa. Tafiti nyingi zilizofanywa tangu hapo zinasema watoto wa namna hii ni kati ya 3 na 7 kwa kila mia. Chukua darasa la watoto 60, Mama: ni wawili, watatu, au wanne ndani ya chumba kimoja. Na mimi nilipita vyumba vingapi kwa miaka 29?

Nikueleze shida yenyewe. Nikiweka mayai matatu juu ya meza, wewe huhesabu. Unaona matatu. Hata manne unayaona mara moja, ni kuanzia matano au sita ndipo jicho linaanza kuhesabu. Uwezo huo tunazaliwa nao, na hesabu zote zinapanda juu yake. Kwa hiyo ukisikia "saba", ndani yako kuna uzito fulani: unajua ni zaidi ya tano, ni karibu na kumi, ni watu wa kujaza benchi. Kwa mtoto mwenye diskalkulia, uzito huo ni hafifu sana. Saba ni jina tu, kama jina la avenyu ambayo hajawahi kuipita. Amelikariri, anajua linakuja baada ya sita, lakini halimwambii kitu. Wataalamu wameonyesha kwamba sehemu inayohusika iko juu ya ubongo kuelekea nyuma, pande zote mbili, na kwa watoto hawa inafanya kazi tofauti. Kusoma kunapita njia nyingine. Ndiyo maana binti yako anaweza kuwa na 68 ya Kifaransa na 27 ya hesabu bila kuwa mvivu hata dakika moja.

Mfanyie hivi nyumbani, siku asiyokuwa na hofu, bila baba yake kusimama karibu. Mwaga maharage matatu mbele yake, uliza ni ngapi. Ukiona kichwa kinatikisika moja, mbili, tatu, andika. Muulize kati ya sita na kenda (9) ipi kubwa, uone kama jibu linachelewa. Muulize tano na tatu. Mtoto wa miaka kumi kwa kawaida anajua jibu, au anaanzia tano na kupanda: sita, saba, nane. Ukiona anarudi moja na kuhesabu yote, andika. Mwambie ahesabu kutoka makumi mbili (20) kurudi nyuma. Mwishoni muulize jambo la soko: mkate unaweza kuwa faranga hamsini, mia tano, au elfu hamsini? Asipoona lililo la ajabu hapo, umepata jibu kubwa. Rudia baada ya wiki. Ikiwa ni diskalkulia, makosa yatakuwa yaleyale.

Kaka ni hadithi nyingine. Mtoto anayesahau chumvi njiani, asiyetulia, anayejua Jumatatu na asijue Jumanne, ananifanya niwaze ile hali ambayo madaktari wetu wanaiandika kwa Kifaransa TDAH, upungufu wa umakini pamoja na kutotulia. Daktari hawezi kuitaja kwa sababu ya mambo ya darasani peke yake. Dalili lazima zionekane kabla ya miaka 12, zidumu miezi sita au zaidi, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Wewe umeniandikia ya nyumbani, mwalimu ameandika ya shuleni.

Kwa nini hali hiyo inaharibu hesabu kuliko somo la dini? Sisi tuliosoma zamani tulikuwa na ardwazi, kile kibao cheusi cha kushika mkononi. Kila mtu ana ardwazi kama hiyo kichwani, ya kushikilia kitu kwa muda mfupi wakati anakitumia. Mpe mwanao 37 na 48 ajumlishe. Saba na nane ni kumi na tano. Andika tano, beba moja. Hiyo moja ameiandika kwenye ardwazi ya kichwa. Ndege anapita dirishani, jirani anadondosha kalamu, na ardwazi imefutika. Anarudi: tatu na nne ni saba. Anaandika 75. Jibu lilikuwa 85. Wewe unaona kosa, mwalimu anaona mvivu, lakini mtoto alijua kila hatua. Alipoteza moja tu iliyokuwa hewani. Katika dini, ukipoteza neno moja la hadithi ya Yosefu, hadithi inaendelea. Hesabu haikusamehi.

Chukua daftari la kaka ukaliangalie kwa macho hayo. Utaona mahali pa kutoa amejumlisha, kwa sababu hakuona alama. Nambari hazikusimama chini ya zenzake. Mazoezi matano ya kwanza ni safi, kumi ya mwisho ni vurugu. Halafu mwite, asimame, muulize hayohayo kwa mdomo, moja moja. Akiyajibu vizuri, basi nambari anazielewa. Dada ukimuuliza kwa mdomo hutaona tofauti kubwa.

Uhusiano kati ya umakini na hesabu umejulikana siku nyingi, tena kwa bahati. Mwaka 1937 daktari wa Marekani, Charles Bradley, aliwapa dawa ya jamii ya amfetamini watoto 30 waliolazwa kwa matatizo ya tabia katika hospitali yake huko Rhode Island. Karibu nusu yao walibadilika sana katika kazi za shule, na watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Dawa za jamii hiyo bado zinatumika kwa TDAH, chini ya daktari. Lakini watafiti waliochapisha mwaka 2008 walipowapa watoto wenye hali zote mbili dawa ya namna hiyo, ile kazi ya ardwazi ilipata nafuu, ila hisia ya ukubwa wa nambari haikusogea. Mimi hilo linanitosha kusema kwamba ni shida mbili. Na ninakusihi, Mama, usinunue kidonge chochote kwa mtu wa barabarani anayesema kinaongeza akili.

Ila usizitenge shida hizi kabisa. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1996 kule Israeli, karibu robo ya watoto waliokutwa na diskalkulia walikuwa na dalili za TDAH pia, na kama mmoja kwa sita alikuwa na shida ya kusoma. Zote zinatembea katika ukoo; muulize baba yao, kwa upole, hesabu zake za shule zilikuwaje. Pia kuna wasichana wenye TDAH ambao hawarukiruki. Wamekaa kimya, macho ubaoni, akili imekwenda Kasenga na kurudi. Hao tunawasifu kwa utulivu na kuwapoteza. Binti yako anaweza kuwa hivyo, ndiyo maana nimekupa maharage, nisije nikakupa jina la ugonjwa kwa barua.

Kabla ya yote, wote wawili wapimwe macho na masikio. Kumbuka kama mmoja aliwahi kuugua malaria kali mpaka degedege au kupoteza fahamu, kwa sababu malaria ya ubongo inaweza kuacha alama kwenye umakini, mwambie daktari. Mjini kwetu watu wanajua kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Charité kwa mambo ya akili na neva. Wengine wanaogopa jina la mahali hapo, wakidhani ni pa wendawazimu. Nenda bila aibu, peleka daftari zote mbili na karatasi ya maharage, uulize mwanasaikolojia wa watoto. Kwenye chuo kikuu chetu, UNILU, kuna fakulte ya saikolojia na elimu. Hapo nako unaweza kuuliza.

Lakini usingoje. Jioni ya leo unaweza kuanza, na una silaha moja ambayo shule inaisahau: lugha yetu. Kule Dar es Salaam wanasema ishirini, thelathini, arobaini, majina yaliyotoka kwa Waarabu. Sisi hapa tunasema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Sikiliza vizuri: makumi tatu na saba. Nambari imejifungua yenyewe, inakuonyesha makumi ni mangapi na vilivyobaki ni vingapi. Kifaransa kinaficha. *Onze*, *douze*, *quinze*, kumi liko wapi hapo? Tuna bahati kwamba Wabelgiji walituachia *septante* na *nonante*, watoto wa Ufaransa wana mzigo mkubwa zaidi, ingawa *quatre-vingts* imebaki hapo kuwasumbua wetu. Kwa hiyo dada ahesabu kwa Kiswahili kwanza. Okota vizibo vya chupa mia moja. Kila kumi vifunge ndani ya mfuko mdogo. Mwambie akupe makumi tatu na saba: mifuko mitatu, vizibo saba. Kisha akupe makumi ine na munane. Aviweke pamoja, vizibo vilivyozidi kumi avifunge mfuko mpya. Pale ataona kwa mkono kile wanachokiita kubeba moja. Wiki nzima bila kalamu. Kalamu ije baadaye, na Kifaransa mwisho.

Vidole usimkataze. Vidole ni ngazi, na ngazi haitolewi mtu akiwa katikati. Mfundishe tu kuanzia kwenye nambari kubwa.

Chora pia njia juu ya katoni, viraba kutoka 1 mpaka 100, kumi kila mstari, mcheze na dadu jioni. Kila kiraba anachokanyaga akitaje jina kwa sauti. Hili silisemi hewani: Robert Siegler na Geetha Ramani, wa Marekani, walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wadogo wa familia maskini, kwa kucheza njia ya namba 1 mpaka 10 mara nne tu, robo saa kila mara, walianza kuelewa vizuri zaidi ipi kubwa na ipi ndogo. Wenzao waliocheza njia ya rangi bila namba hawakupata faida hiyo. Wale walikuwa wadogo kuliko binti yako, kwa hiyo mpe muda zaidi ya wao.

Sokoni mwende pamoja, na noti za aina moja tu. Mpe za mia tano tano, anunue mboga ya lengalenga, aje. Noti ya elfu tano ibaki kwako mpaka Pasaka. Dola tuiache kabisa kwa sasa; bei yake inageuka kila wiki na hata sisi wakubwa inatuchosha.

Kaka yeye umpe daftari la viraba, kila tarakimu nyumba yake, ili nguzo zisipinde. Alama za kujumlisha na kutoa azizungushie kalamu nyekundu kabla ya kuanza chochote. Karatasi ikunje, aone mazoezi manne. Akimaliza akimbie mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, halafu manne mengine. Ile moja ya kubeba aiandike juu, kila mara, hata akisema anaikumbuka. Na baba yake amwite kiwandani kwenye mbao. Mtoto huyu anapima vizuri akiwa amesimama na kitu mkononi.

Ninajua baba yao ni mtu mwema, anaogopa watoto wake watabaki nyuma. Mwonyeshe sehemu hii. Baba, hofu nayo inaandika juu ya ardwazi ileile. Mtoto anayengoja fimbo ameshaijaza kwa kuwaza fimbo, na nafasi ya 37 na 48 haipo tena. Mimi niliwapigisha magoti watoto wa watu na sikumwona hata mmoja aliyeinuka pale anajua kujumlisha.

Mama Mwalimu, salamu. Ninafundisha mwaka wa tatu, Ruashi. Tangu shule ya msingi iwe bure mwaka 2019 darasa langu limejaa, leo nina watoto 74. Ninasikia haya mambo ya watoto wenye shida za hesabu, lakini niwafuate saa ngapi?
*Mwalimu mwenzako*

Mwenzangu, sitakuambia umfuate kila mmoja, ningekuwa ninakudanganya. Kila Ijumaa chukua daftari kumi tu, usihesabu makosa, angalia aina. Kwa wiki nane utakuwa umewapitia wote, na pembeni ya kitabu chako cha majina utakuwa na vialama viwili: anayekosa sawasawa kila siku, na anayekosa leo na kupata kesho.

Wa kwanza waachie vidole na vijiti juu ya benchi, hadharani. Ubandike jedwali la kuzidisha ukutani na uliache hapo hata siku ya jaribio. Kama unapima kugawanya, pima kugawanya. Wa pili mkalishe mbele, mbali na mlango, mpe kazi ya kufuta ubao na kugawa daftari ili mwili wake upate sababu ya kusimama. Wote wape mazoezi matano mahali pa makumi mbili. Na ninakuomba jambo moja kama dada yako: ule mchezo wa kuwasimamisha wote, anayejibu haraka akae, anayechelewa abaki amesimama peke yake, uuache. Niliupenda sana zamani. Watoto wale wawili watatu walikuwa wanabaki wamesimama kila siku, walewale.

Shikamoo Mama Mwalimu. Nina miaka 36, ninauza unga soko la Kenya, hapa mjini Lubumbashi. Nilisoma mpaka mwaka wa sita. Mteja akitaka meka (kipimo chetu cha unga) tatu na nusu, ninatoka jasho. Ninaangalia kalkuleta ya simu lakini nikikosea kidole sioni kwamba jibu ni la ajabu. Mwezi uliopita nilituma pesa za simu kwa mtu mwingine kwa sababu niligeuza tarakimu mbili, na sijamwambia mume wangu. Ugonjwa wa watoto unaweza kuwa kwa mtu mkubwa?
*Muuza unga*

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, unaweza. Diskalkulia haiishi mtu akiota ndevu au akizaa, na wengi waliokuwa nayo utotoni hawakuambiwa jina lake. Ile ya kutoona kwamba jibu ni la ajabu ndiyo iliyonishtua katika barua yako. Umefanya biashara miaka yote hiyo ukiwa hauna kitu ambacho sisi tunakitumia bila kujua, na watoto wamekula. Hiyo ni kazi kubwa.

Mwombe mtu unayemwamini akuandikie kwenye katoni bei ya nusu meka, moja, moja na nusu, mpaka kumi. Katoni ikae ndani ya kimeza chako. Bei ikibadilika, katoni inabadilika. Usipige hesabu, soma. Noti zifunge kwa raba, kumi kumi. Ukituma pesa kwa simu, soma namba kwa sauti mbili mbili, na jina la mpokeaji likitokea lisome kabla ya kuweka namba ya siri. Jina unalisoma vizuri kuliko tarakimu. Na mwambie mume wako. Pesa ile imekwenda, lakini mara ijayo mtakuwa wawili wa kusoma namba.

Mama Mwalimu, mtoto wa marehemu kaka yangu amekuja kwangu Kampemba mwezi wa kwanza kutoka kijiji cha Kasenga. Miaka kumi na moja. Amepata 31 hesabu, 33 Kifaransa, 35 kila kitu. Ana hiyo diskalkulia?
*Baba mdogo*

Baba, mtoto mwenye diskalkulia kwa kawaida anaanguka kwenye hesabu na mengine yanabaki yamesimama. Wako ameanguka kote, na ninaona sababu za kutosha: amempoteza baba, amehama katikati ya mwaka, na amekuta darasa linalosema Kifaransa na Kiswahili cha mjini wakati yeye amekuja na Kibemba. Leo jioni muulize hesabu za samaki kwa Kibemba, kama walivyokuwa wanauza kando ya mto Luapula. Halafu umpeleke akapimwe macho, maana kijijini pengine alikaa benchi la mbele, na huku amewekwa la nyuma.